Kuchoma kitabu cha dini ni kuandamana au ni kutafuta ugomvi tu? Kijiwe chetu kimegawanyika

Kipara wa Buguruni:

Wakuu habari za jioni. Nina swali na naomba watu wajibu kwa utulivu, wale wa kutoa povu kaeni pembeni kwanza mnywe maji.

Jana kijiweni kwetu hapa Buguruni dogo mmoja wa bodaboda kaleta klipu ya zamani, ile ya Sweden ya yule Salwan Momika, mkimbizi wa Iraq aliyezaliwa kwenye familia ya Kikristo. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 28 Juni 2023, Idd ya kuchinja, jamaa kasimama nje ya msikiti mkubwa wa Stockholm, kachana kurasa za Msahafu, kaweka na vipande vya nyama ya nguruwe juu yake alafu kachoma, na polisi wapo pale wanamlinda yeye maana alikuwa na kibali. Yani kibali kabisa cha serikali. Kama mnakumbuka huyo jamaa aliuawa kwa risasi Januari 2025 akiwa nyumbani mji wa Södertälje, siku moja tu kabla mahakama haijasoma hukumu yake.

Basi pale kijiweni ndo moto ukawaka. Mmoja anasema kitabu kanunua kwa hela yake kwahiyo afanye atakavyo, hiyo ndo demokrasia mnayoililia kila siku. Mwingine anasema huyo alitafuta kifo akakipata, tena kalisema bila hata kupepesa macho, nikamuuliza wewe unaona sawa mtu kuuawa sebuleni kwake akanijibu usinipeleke huko. Mzee muuza kahawa alitaka kutufukuza wote.

Mimi ni Muislamu, mke wangu kwao ni Walutheri wa Machame, wakwe zangu wakija Dar wanafikia kwangu na Biblia inakaa kabati moja na Msahafu. Ile klipu iliniuma kwelikweli sitaki kudanganya. Ila nikajiuliza, huyu kama alikuwa na hasira zake za haki na wale waliomfukuza kwao Iraq, alitakiwa azionyeshe vipi? Na hapa kwetu mtu akifanya vile pale Mnazi Mmoja sheria inasemaje? Maana nasikia tuna uhuru wa maoni kwenye Katiba, je unaishia wapi?

Naomba kuwasilisha.

Ngosha01:

Mkuu mbona rahisi sana hiyo. Karatasi ni karatasi. Aliyechoma nakala yake kwa hela yake hajachoma ya kwako, ya kwako ipo kabatini na ya wakwe zako. Mungu anayehitaji kulindwa na vijana wa bodaboda mimi simwelewi. Kwenye Biblia Waamuzi 6 Gideoni alibomoa madhabahu ya Baali usiku, asubuhi mji mzima wamekuja wanataka auawe, baba yake akawaambia kama Baali ni mungu basi ajitetee mwenyewe. Stori imeisha hapo, na huyo mzee Yoashi aliwazidi akili watu wote wa kijiwe chako.

RangiTatu:

Ngosha ni rahisi ukiwa unaandika umekaa kwenye kochi. Mimi ni mtu wa Mbagala, nilikuwepo Oktoba 2012 na nadhani wengi humu mlikuwa wadogo au mmesahau kwahiyo ngoja niwakumbushe.

Kilichotokea ni watoto. Watoto wa shule wawili wanabishana, mmoja kamwambia mwenzie Msahafu ukiufanyia uchafu unageuka nyoka, au unakuwa chizi, ilikuwa inasimuliwa hivi na vile. Yule mwingine wa Kikristo kwa ubishi wa kitoto akaukojolea aone kama kweli. Hakuna maandamano hapo, hakuna ujumbe, hakuna siasa, ni dogo anajaribu jambo kama dogo anavyojaribu kuweka kidole kwenye soketi. Habari ikaenda mtaani, polisi wakamchukua mtoto, Ijumaa ya tarehe 12 watu wakaenda kituoni wanataka wapewe huyo mtoto. Mjiulize walikuwa wanamtaka wa nini. Polisi wakagoma, mabomu ya machozi yakaanza, na umati ulivyotawanyika hapo ndo ukaelekea makanisani. Makanisa kadhaa yakavunjwa na mengine yakatiwa moto, magari yakapigwa mawe. Rais Kikwete alikuja mwenyewe kuangalia.

Mimi kwetu tulifunga duka siku nzima na moshi tunauona. Jirani yetu mama mmoja wa Kikatoliki alileta watoto wake wakalala kwetu, nyumba ya Waislamu, na mtaani kwetu hakuna aliyeshangaa, alafu huku nje kuna watu wanachoma kanisa analosali yeye kwa jina la dini yangu. Lile kanisa lilimkosea nani? Waumini wake hawakumjua hata huyo mtoto.

Kwahiyo Kipara swali lako la uhuru wa maoni mimi naona linakuja la pili. La kwanza ni hawa wanaojibu. Yule wa Stockholm kachoma karatasi, wale wa Mbagala walichoma nyumba ya ibada ya watu ambao hawakuwepo kwenye ugomvi. Ukiniuliza kipi kilimchukiza Mwenyezi Mungu zaidi jibu ninalo.

mamaNeema_Kimara:

RangiTatu umenikumbusha machungu. Mungu akubariki wewe na wazazi wako kwa wale watoto.

Ila jamani tusijifanye kwamba anayechokoza hana lake. Mimi ni Mkristo na ile sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ya Paris Julai 2024, lile onyesho watu wengi waliloliona kama dhihaka ya Karamu ya Mwisho, nililia kweli machozi, nilizima TV. Waandaaji walisema hawakulenga hiyo picha na kamati yao ikaomba radhi kwa waliokwazika, sawa, lakini kwa muda ule nilijua ndugu zangu Waislamu wanajisikiaje wanapoona Msahafu unachanwa. Na waliokuja kunipa pole siku ile wa kwanza alikuwa mama Swaumu nyumba ya tatu, kasema hata sisi tumekasirika maana Nabii Issa ni wetu pia. Hakuna mtu aliyechoma ubalozi wa Ufaransa pale barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Watu walikasirika, waliandika, walisali, wakaenda kazini Jumatatu.

Sasa Ngosha unasema karatasi ni karatasi. Picha ya marehemu mama yako nayo ni karatasi. Nikija msibani nikaichana mbele yako utanijibu kwa Waamuzi 6?

Ngosha01:

Dada nitakuchukia maisha yangu yote na sitakupa tena mkono. Ila sitakuua na wala sitamwita polisi akufunge. Hapo ndo ninapotaka kufika mimi, kuchukia ruksa.

Wakili_wa_Kisutu:

Habari zenu. Swali la sheria limeulizwa na watu wamelipita, ngoja nijaribu kwa lugha ya kawaida.

Katiba yetu ya 1977 Ibara ya 18 inatoa uhuru wa maoni, Ibara ya 19 inatoa uhuru wa imani na inakwenda mbele zaidi kwa kusema kutangaza na kueneza dini ni jambo huru la hiari ya mtu. Alafu Ibara ya 30 inakuja kuweka breki, haki yako isitumike kuvuruga haki za wengine au maslahi ya umma. Hiyo ndo Katiba. Chini yake kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo mifupa yake tumeirithi kwa Mwingereza. Kifungu cha 125 kinahusu mtu anayeharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kitakatifu kwa lengo la kutukana dini ya watu. Cha 129 kinahusu anayetamka neno, kutoa sauti, kufanya ishara au kuweka kitu mbele ya mtu kwa makusudi ya kuumiza hisia zake za dini, adhabu yake haizidi mwaka mmoja.

Kwahiyo Kipara, mtu akifanya ya Stockholm pale Mnazi Mmoja hapati kibali na atalala ndani siku hiyohiyo. Hilo halina mjadala. Lakini sikilizeni hii maana ndo utamu wenyewe.

Mwaka 2000 kule Morogoro kuna mhubiri wa Kiislamu alisema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Akashtakiwa kwa hicho kifungu cha 129. Mahakama ya wilaya ikamtia hatiani na kumpa miezi 18, angalieni hapo, kifungu chenyewe mwisho mwaka mmoja hakimu kampa mwaka na nusu. Waislamu wa hapa Dar wakaandamana kwa ajili yake 2001, kukawa na purukushani. Mahakama Kuu ikapunguza adhabu akatoka lakini hatia ikabaki palepale. Hakukubali, akaenda Mahakama ya Rufani. Ndo kesi ya Dibagula dhidi ya Jamhuri, imeamuliwa 2003, Jaji Mkuu Samatta akiwemo. Hatia ikafutwa.

Kwanini? Maana mahakama iliona kusema Yesu si Mwana wa Mungu ni itikadi ya Uislamu, Muislamu akitangaza dini yake lazima atasema hivyo, kama ambavyo Mkristo akihubiri lazima atasema kitu ambacho Muislamu hakikubali. Kuudhika kwa msikilizaji peke yake hakutoshi kumfunga mtu. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba alikusudia kabisa kuumiza, si kwamba watu wameumia tu. Ukiweka kipimo kwenye hasira za wanaosikia hakuna dini itakayohubiriwa nchi hii, si msikitini si kanisani.

Hii hukumu naipenda sana na nashangaa watu wachache wanaijua wakati ni ya kwetu wenyewe, tunakimbilia kubishana mambo ya Sweden.

Kipara wa Buguruni:

Wakili nimekusoma vizuri sana, kumbe. Sasa kwa kipimo hicho cha makusudi, yule Momika aliyeweka nyama ya nguruwe juu ya Msahafu siku ya Idd nje ya msikiti, hapo hata mtoto anaona makusudi yako wapi, si ndio?

Wakili_wa_Kisutu:

Kwa sheria yetu naona ndiyo. Siku, mahali na ile nyama, vyote vinasema. Angekaa sebuleni kwake akaandika kurasa mia kwamba haikubali Qur'ani, hiyo ni hoja. Ila kusema naona ndiyo si kwamba napenda afungwe, hilo ni swali jingine.

Mswahili_Malmö:

Salaam wana wa Bongo. Mimi nimeolewa huku Malmö, nimezaliwa Temeke. Wengi mnaongea Sweden ya kwenye klipu, acheni niwaelezee kidogo ilivyokuwa kwa sisi tunaoishi.

Kwanza huku sheria ya kukufuru walishaifuta mwaka 1970. Kibali wanachokitoa polisi ni cha kukusanyika, hawaidhinishi utakachosema. Mwanzoni mwa 2023 polisi walijaribu kukataa vibali kwa sababu za usalama, mahakama ikawaambia hamna sababu ya kutosha, mnatakiwa mruhusu. Kwahiyo si kwamba serikali ilifurahia, mawaziri walikuwa wanahaha, maana tarehe 21 Januari mwaka huohuo mwanasiasa mmoja wa mrengo mkali kutoka Denmark alichoma Msahafu mbele ya ubalozi wa Uturuki na Uturuki ikawakazia kuingia umoja wa kijeshi wa NATO, wakaingia Machi 2024. Julai ubalozi wa Sweden Baghdad ukavamiwa na kutiwa moto. Kijiti kimoja cha kiberiti kilivuruga siasa za nchi nzima.

Alafu Momika hakuachwa hivihivi. Alishtakiwa kwa kosa la uchochezi dhidi ya kundi la watu, ile hukumu iliyokuwa isomwe kesho yake ndo ilikuwa hiyo. Mwenzake aliyekuwa naye alihukumiwa siku chache baadaye, Februari 2025, kifungo cha nje na faini. Mahakama ikasema kuchoma kwenyewe si lazima kuwe kosa ila walivyofanya na maneno waliyosema vilivuka kuikosoa dini vikawa vinawadhalilisha Waislamu kama watu. Kwahiyo mnaona hata huku mwisho wa siku wamefika karibu na alipofika Jaji Samatta.

Sasa kitu ambacho sijakisahau. Julai 2023 kijana mmoja Muislamu mwenye asili ya Syria aliomba kibali cha kuchoma Taurati mbele ya ubalozi wa Israel. Akapewa, sheria ni sheria. Waisraeli wakapiga kelele, dunia nzima inasubiri. Siku ikafika, kasimama mbele ya kamera, katoa kiberiti cha gesi kakitupa chini, kasema mimi ni Muislamu sichomi kitabu cha mtu, nimekuja kuwaonyesha kwamba uhuru wa kusema una mipaka. Jamani nililia. Yule hakuchoma hata ukurasa na kila mtu alimsikia.

Upande wa pili niseme ukweli pia. Septemba 2023 Momika alikuja kuchoma hapa Malmö, usiku vijana wa mtaa wa Rosengård wakachoma magari. Magari ya nani? Ya Waislamu wenzao, ya majirani, ya mama anayeenda kusafisha hospitali alfajiri. RangiTatu nilipokusoma kuhusu Mbagala nilisikia baridi.

Kitunguu Swaumu:

Nyie wote mnaongea kama vile sheria inashikwa na malaika. Ngoja niwaharibie jioni kidogo.

Mwaka 2024 kijana mchoraji huko Rungwe, Mbeya alichoma picha ya Rais akajirekodi. Hakuchoma Msahafu wala Biblia, kachoma picha. Mawakili wakahoji ni sheria gani inakataza kuchoma picha, akashtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao kwamba kasambaza taarifa za uongo. Mahakama ya wilaya ikampa miaka miwili au faini milioni 5, watu wakachangishana mtandaoni akalipiwa akatoka. Mnaona mlango unavyofunguka? Leo mnashangilia dola ilinde hisia za waumini, kesho dola hiyohiyo ina hisia zake.

Urusi ndo mfano mzuri. Februari 2012 wale mabinti wa kundi la muziki la Pussy Riot waliingia kanisa kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow wakaimba kumwomba Bikira Maria awaondolee Putin. Walichokuwa wanapinga ni maaskofu kumbeba mtawala. Wakafungwa miaka miwili kwa uhuni wenye chuki za kidini, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria rasmi ya kulinda hisia za waumini. Hisia za waumini au kiti cha mtu? Pakistan yule mama Mkristo Asia Bibi ugomvi wa maji ya kunywa shambani na wenzie ulimpeleka kwenye hukumu ya kunyongwa, kakaa jela miaka mpaka Mahakama ya Juu ya nchi yao ikamwachia Oktoba 2018, na gavana aliyethubutu kumtetea aliuawa 2011 na mlinzi wake mwenyewe.

Na la mwisho nawauliza watu wa dini, Waislamu na Wakristo wote. Nabii Ibrahim si aliingia kwenye nyumba ya masanamu akayavunja yote akaacha kubwa lao, alafu alipoulizwa akasema muulizeni huyo mkubwa kama anaongea? Hilo si tendo la kuudhi dini ya watu makusudi? Yesu si alipindua meza Hekaluni? Leo hii wote hao wangeangukia kifungu cha 125 cha Wakili.

Ngosha01:

Kitunguu umemaliza 😂😂 hapo wajibu.

Abuu Swaumu:

Bismillah. Kwanza Kitunguu jina lako na langu karibu tuwe ndugu kwahiyo nakujibu kindugu.

Nabii Ibrahim alayhi salaam alivunja masanamu ya kwao. Baba yake ndo alikuwa miongoni mwa wanaoyaabudu. Alianza kuongea nao, kawahoji, kamnasihi baba yake kwa upole mpaka akatishiwa kupigwa mawe, alafu ndo akafanya vile, na hakukimbia, alisimama akahojiwa akatupwa kwenye moto. Na waliokuwa na nguvu ni wao, yeye alikuwa kijana peke yake. Nabii Issa naye alipindua meza kwenye Hekalu la watu wake, hakwenda kupindua za Warumi. Hii si sawa na mtu kwenda kwa jirani ambaye ni wachache, siku ya sikukuu yake, amekuja na watoto wamevaa nguo mpya, ukamchomea kitabu machoni.

Na Qur'ani yenyewe imeshatukataza sisi. Sura Al-An'aam aya ya 108, msiwatukane wale wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa jeuri bila kujua. Yani hata kile unachoamini ni batili umekatazwa kukitukana, kwa sababu ya kitakachorudi. Na kwenye An-Nisaa aya ya 140 tumeambiwa ukisikia aya zinafanyiwa mzaha usikae nao mpaka waingie kwenye mazungumzo mengine. Mimi naisoma hivi, ondoka, wakibadilisha stori rudi mkae. Haijasema kachome kanisa. Vijana wetu wa 2012 hiyo aya walisomeshwa na nani sijui, maana madrasa niliyosoma mimi Kariakoo tulifundishwa.

Nikirudi kwa Momika. Yeye kwao ni Ninawi, kule ambako wale wa dola ya kiislamu ya uongo waliwafukuza Wakristo majumbani. Mimi siwezi kumwambia asikasirike. Lakini waliomfukuza walikuwa Iraq, na aliowachomea ni wasafisha hospitali wa Stockholm. Hasira yake ilikosea anwani.

mamaNeema_Kimara:

Sheikh hapo kwenye anwani umeongea. Ila na nyie mkubali hapa kwetu hiyo habari ya wachache na wengi haituhusu, hapa Dar hakuna mnyonge wa dini, kila mtu ana wake wengi. Miaka ya tisini mihadhara ya pande zote mbili ilikuwa inatukanana kwa spika, mhubiri kashika Msahafu anausoma vibaya makusudi, kesho yake ustadhi anaichambua Biblia kwa kejeli na watu wanacheka. 1993 mabucha ya nguruwe yakavamiwa, 1998 vurugu za msikiti wa Mwembechai hapa Dar zikaanzia kwenye malalamiko ya mahubiri ya kukashifu, polisi wakafyatua risasi watu wakafa. 2013 Buseresere kule Geita ugomvi wa nani achinje ukamuua mchungaji. Sasa na hii kesi ya Wakili inasema mhubiri yuko huru. Huru mpaka wapi? Huyo hakimu wa kusoma makusudi ya moyo wa mtu yuko wapi? Mimi nina mhubiri wa Kilokole kila Jumamosi jirani na stendi, na mimi mwenyewe ni Mkristo, lakini anavyowasema Waislamu naona aibu nikipita.

Wakili_wa_Kisutu:

Mama Neema swali lako ni gumu na jibu kamili halipo. Makusudi mahakamani hayasomwi moyoni, yanasomwa kwenye mazingira. Wapi, saa ngapi, mbele ya nani, kwa maneno gani, na je kuna hoja hapo au ni matusi matupu. Yule wa Morogoro alitamka itikadi yake. Mhubiri wako akisema Muhammad si mtume, Muislamu ataudhika lakini hiyo ni imani ya Kikristo na kesi ya Dibagula inamlinda. Akianza kumtusi kwa lugha chafu kwenye spika zilizoelekezwa msikitini wakati wa adhana, hapo keshatoka kwenye kuhubiri. Katikati hapo kuna uwanja mpana wenye giza na mimi sitaki polisi ndo wawe wa kwanza kuingia na tochi.

Kitunguu nakubaliana na wewe zaidi unavyodhani. Denmark wameliona hilo, walifuta sheria ya kukufuru 2017 alafu Desemba 2023 wakatunga mpya ya kukataza kuvitendea vibaya vitabu vitakatifu hadharani, ikapita kwa kura 94 kwa 77. Kwahiyo karibu nusu ya bunge lililopiga kura liliona hapana. Na Uingereza 2025 kuna mtu alichoma Msahafu nje ya ubalozi mdogo wa Uturuki London akapigwa faini ya paundi 240, Oktoba rufaa ikaifuta. Hawa wote ni watu wazima wenye mahakama nzuri na bado wanabadilishana majibu.

Kitunguu Swaumu:

Afadhali wewe wakili unakiri. Abuu nawe hoja ya kupinga cha kwenu kwanza naichukua, hiyo sikuwa nayo. Ila kuna tatizo dogo, anayepinga cha kwao ndo huwa anaumia zaidi. Muislamu akiikosoa misikiti anaambiwa ametumwa, Mkristo akimkosoa nabii wa mafuta anaambiwa ana pepo. Yule wa nje ana polisi wa kumlinda, wa ndani ana ndugu zake tu, na ndugu ndo hao wamekasirika.

Abuu Swaumu:

Hilo ni kweli na sina jibu la haraka. Nikilipata nitaandika.

Ngosha01:

Swali la mwisho kutoka kwangu alafu nalala. RangiTatu, Nabii Ibrahim angekuwa Mbagala 2012 ingekuwaje?

RangiTatu:

Angechukuliwa na polisi kama yule dogo, umati ungeenda kituoni kumdai, alafu mabomu yakilia tungegeuka kwenda kuvunja duka la mtu ambaye hata hamjui.

Kipara wa Buguruni:

Dah. Wakili hiyo hukumu ya Dibagula inapatikana wapi, na je ipo kwa Kiswahili? Nataka nimpe yule dogo wa bodaboda aisome kabla hajaleta klipu nyingine.

Wakili_wa_Kisutu:

Ipo kwenye intaneti bure, ila imeandikwa kwa Kiingereza. Nitakuandikia muhtasari wikiendi hii, nikumbushe Ijumaa baada ya swala.

Mswahili_Malmö:

Wakili nitumie na mimi, nina watoto wanauliza.